Nilivyoitafuta Asili ya Dhahabu Mpaka Tengeru

Ninyi wa bweni la chini hamjaniacha nipumue tangu shule ifunguliwe. Yohana anasema nilitoroka nyumbani. Mathayo anasema nilikamatwa na Wapolandi wa kambini nikanyweshwa damu. Basi naandika mara moja, msome mpeane, mniache nilale. Nilikwenda kutafuta neno moja limetoka wapi. Na ile damu haikuwa damu, tutafika huko.

Nyumbani, chini ya Momela

Baba yangu aliwahi kwenda Lupa kuchimba dhahabu. Alirudi na homa, koleo lisilo na mpini, na hadithi. Dhahabu yenyewe aliiona kwenye meno ya msimamizi wake tu, tena siku msimamizi akicheka, na hakuwa mtu wa kucheka.

Mwaka huu mama alijifungua mtoto wa kike. Baba akamshika, akamgeuza kwenye mwanga wa mlango, akasema, "Hii sasa ndiyo dhahabu niliyoifuata Lupa. Ataitwa Dhahabu." Hakuna aliyecheka, hata mimi. Kabla ya huyu, mama alizaa wasichana wawili, wote wakapewa majina na wazee wa kanisa, na wote wako kwenye makaburi ya kanisani. Hakuna aliyefikia kuota meno.

Baba alipopeleka jina, Mzee Sifaeli, mkubwa wa wazee wa kanisa, akatikisa kichwa kabla hata ya kukaa.

"Hilo jina la pwani. Jina la ubatizo ni la mtu aliyemo katika Maandiko, tena lenye maana njema. Tumeshaona. Ataitwa Ketura."

Bibi yangu, mama yake baba, akasema, "Majina yenu mazuri nimeshayafukia mawili. Hili la tatu achague baba yake."

Mimi mnanijua. Mdomo wangu ulitangulia. Nikasema, "Shikamoo Mzee. Na Sifaeli, yeye yumo katika Maandiko?"

"Marahaba. Sifaeli ni sifa ya Mungu. *Eli* ndiyo Mungu."

"Basi tumwite Dhahabueli, tumalize."

Mama alinifinya mpaka leo pana alama. Mzee Sifaeli akanitazama kama mtu anayetazama kupe. "Wewe msomi, vizuri. Jumapili, kabla ya ibada, uje utuambie neno hilo lilizaliwa wapi, maana yake nini, na ni nani katika Maandiko aliyeitwa hivyo. Ukishindwa, ni Ketura."

Baba naye akasimama. "Ketura hana baba hapa. Akikosa Dhahabu habatizwi."

Hapo ndipo mchezo uliisha. Kwetu mtoto asiyebatizwa hazikwi kanisani, na mama alikuwa tayari na wawili kule. Mtoto mwenyewe alikuwa na kikohozi kidogo. Hakuna aliyelitamka wazo hilo, lakini niliona Bibi akimfunika vizuri zaidi, na baba akitazama milima.

Kutoka nyumbani mpaka barabara kuu

Kutoka kwetu kwenda chini, njia ni ya nyati, sisi wengine tunaiazima. Niliondoka na ndizi za kuchoma ndani ya jani na akili nyingi. Sikuwa nimefika mbali nilipomkuta mwenye njia amesimama katikati anatafuna, ananitazama kama karani wa bomani anayekutazama ukiwa umefika saa ya chakula. Nikapanda mti. Yeye akalala chini yake.

Nilikula ndizi zote kule juu. Nikamwimbia tenzi za kanisa, haikusaidia. Nikamwambia, "Mzee, nina safari." Akacheua. Aliondoka alipotaka mwenyewe, jua likiwa limeshageuka, na nilifika barabara kuu nimechelewa, miguu imekufa ganzi, na sina chakula.

Barabarani, mimi na wenzangu

Likapita lori la Mgiriki mwenye shamba. Dreva alikuwa Mchaga mnene mwenye kofia ya vita. Nikamwamkia, nikamwomba anifikishe mjini.

"Panda nyuma," akasema. "Wenzako wapo."

Wenzangu walikuwa nguruwe. Wakubwa, weupe, wenye masikio yaliyowafunika macho kama wanawake wa kizungu wenye kofia. Mmoja alinikalia miguu mara tu tulipoanza kwenda na hakuinuka tena. Tulipofika mjini nikapiga kelele, "Dreva! Nashuka!" Nguruwe nao wakapiga kelele. Dreva hakuweza kujua ni nani kati yetu anayeshuka. Mji ukapita, na soko, na bendera ya bomani, na lori halikusimama mpaka Elerai.

"Kumbe uliniita wewe!" dreva akasema, akicheka mpaka kofia ikaanguka. "Nikadhani ni yule jike, ana mdomo kama wako."

Nikarudi mjini kwa miguu. Watu niliokutana nao walikuwa na adabu sana, kila mmoja alinipisha.

Mjini

Nilikuwa nimepanga hivi: anayeshika dhahabu kila siku ndiye anayeijua. Nikaenda kwa sonara, Mhindi mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliinua mkono kabla sijakanyaga kizingiti.

"Simama hapo hapo. Sema kutoka huko."

Nikauliza kutoka huko. Akafikiri huku ameshikilia pua. "Sisi tunasema *sonu*. Ndiyo maana mimi sonara. *Dhahabu* si yetu, hiyo ya Waarabu. Nenda kwa Mwalimu Salimu, chuo chake kiko nyuma ya msikiti. Lakini kijana, kwanza..." Sikungoja kusikia kwanza nini. Heri ningengoja.

Mwalimu Salimu alikuwa mtu wa Pangani, mwembamba, kanzu nyeupe kama maziwa. Watoto walikuwa wanasoma kwa pamoja, wanayumba mbele na nyuma. Nilipoingia, sauti zikakatika mstari kwa mstari, kuanzia waliokaa karibu na mlango.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umetoka wapi, mwanangu?"

"Momela. Nimekuja na lori la nguruwe."

Ndugu zangu, sijawahi kuona darasa likitoka dirishani kwa haraka vile. Mwalimu hakukasirika. Aliinuka polepole, akakusanya kanzu yake kama mtu anayevuka mto, akaita vijana wawili wakubwa. "Mpelekeni uani. Mara saba, na moja iwe ya udongo." Wakanimwagia maji, wakanisugua kwa udongo, wakanimwagia tena, huku wanahesabu kwa sauti na watoto wote wanaitikia. Hata siku ya ubatizo wangu sikupata maji mengi hivyo. Nikavalishwa kikoi cha Mwalimu, mkewe akaniletea wali na mchuzi wa samaki mkavu, na nilipomaliza sahani Mwalimu akasema sasa naweza kuuliza.

Ulimi wa Bibi ukaniponyoka: "Zahabu ni neno la wapi?"

"Si *zahabu*. *Dhahabu*. Toa ulimi kidogo. Hivyo." Akafurahi, kwa kuwa mwalimu ni mwalimu tu. "Waarabu wanasema *dhahab*, wanafunga mdomo hapo. Sisi tukaongeza *u*, maana Mswahili hapendi kuacha neno bila mlango."

Nikaona nimeshashinda. Nikauliza maana yake.

"Wajuzi wa zamani walisema imeitwa hivyo kwa sababu *dhahaba* ni kwenda. Ameondoka, amepita. Dhahabu haikai. Leo iko kidoleni mwako, kesho iko kwa mwingine." Wanafunzi wakacheka, kwa jinsi alivyofungua kiganja kilicho kitupu.

Mimi niliisukuma sahani kando. Niliona makaburi mawili madogo, na mama akiambiwa kwamba wa tatu amempa jina la kuondoka.

Mwalimu akaniona. "Nani anayeuliza habari hizi?"

Nikamweleza yote. Akarekebisha kofia yake ambayo haikuwa imepinda. "Mwanangu, hayo ni maneno ya wajuzi. Wanapenda kuchezea maneno. Aliyeliumba ndiye anayejua." Kisha akaniambia nilale hapo, na asubuhi mkewe akanifungia mkate wa kumimina kwenye kitambaa. Watu wale nimewaletea nguruwe, wao wamenipa mkate.

Moshono, kwenye matope

Nilirudi kwa miguu kwa njia ya Moshono, nikitunga uongo. Nilitunga uongo mzuri sana: kwamba dhahabu ni neno la Kigiriki, kwamba maana yake ni mtu anayeishi mpaka azeeke. Mvua ikanikuta nikiwa kwenye maana ya tatu. Udongo wa kule ukilowa unakushika mguu kama mtu anayekudai. Nikateleza, nikakaa chini, nikabaki hapo hapo nimekaa.

"Wewe, umeota mizizi?"

Alikuwa mama mmoja amesimama kwenye mlango wa nyumba yake, mikono kiunoni. Mama Penieli. Akaniingiza ndani, akanipa bakuli la loshoro, mahindi ndani ya maziwa mgando, na akasubiri nile kidogo ndipo aulize.

"Mbona uso kama umekunywa shubiri? Umefiwa?"

"Bado," nikasema, na nikajisikia vibaya kwa kulisema. Nikamsimulia, pamoja na ile habari ya kwenda, na uongo wangu wa Kigiriki.

"Uongo huo mbovu," akasema. "Mzee wa kanisa atakuuliza Mgiriki gani, utasema yule wa nguruwe." Akacheka peke yake. Kisha akasimamisha kijiko. "Huyo mwalimu wako anasoma kuanzia nyuma, siyo? Kutoka kulia?"

"Waarabu wote husoma hivyo."

"Basi Tengeru kambini yuko mzee wa Kipolandi anasoma hivyo hivyo. Namwona nikipeleka ndizi. Nikamwambia, baba, kitabu umekishika vibaya. Akanifokea! Akasema hayo ndiyo maandishi ya Musa."

Nikasimama na bakuli mkononi. Maandishi ya Musa!

"Kaa umalize," akasema. "Kesho unanibebea ndizi."

Tengeru, kambini

Wapolandi wale mnawajua kwa kusikia tu: Wazungu waliofukuzwa kwao na vita, Serikali ikawaweka Tengeru. Mimi nimewaona. Wanakaa kwenye nyumba za msonge kama za babu zetu, zimepakwa chokaa. Watoto wao wanatembea pekupeku, wana magaga. Mmoja alinirushia pera, nikalirudisha, likampata, tukawa marafiki.

Askari wa getini alimjua Mama Penieli, na mimi nilikuwa chini ya mkungu wa ndizi, sikuonekana. Jikoni alikuwepo mama wa Kipolandi mwenye mikono kama ya mhunzi. Kiswahili chake chote kilikuwa amri.

"Weka! Kaa! Kula!"

Akaweka mbele yangu bakuli la supu nyekundu, nyekundu ya kuchinjia. Nilimtazama Mama Penieli, akageukia upande mwingine, mabega yanatikisika.

"Kula!"

Nikafumba macho nikaomba kimoyomoyo, nikameza. Ilikuwa mboga! Mzizi mtamu wa rangi hiyo, pamoja na viazi. Nilikunywa mabakuli matatu, na sasa Mathayo ameisikia kweli, anyamaze.

Mzee mwenyewe, Bwana Dawidi, alikuwa amekaa nje ya msonge wake amevaa koti zito katika jua lile. Mama Penieli alimwambia kwamba nimetoka Momela kuuliza jambo la maandishi ya Musa. Akavimba kama kuku wa mayai.

"Mzuri! Umekuja mahali kweli. Mimi mwalimu. Kwetu, mji mzima, mwalimu kubwa kupita mimi, hapana."

"Dhahabu, kwenye maandishi ya Musa, inaitwaje?"

"*Zahav*."

"Ngoja. Sema tena."

"*Za-hav*!" Akakasirika kidogo. "Wewe sikio iko?"

Nilikuwa nalo. Mwalimu Salimu alisema *dhahab*, huyu anasema *zahav*, na Bibi yangu tangu nizaliwe anasema *zahabu*, nasi tunamcheka! Nikamwambia neno la Waarabu. Akapiga goti lake kwa kofi. "Ndiyo! Ndugu! Mama moja. Zamani sana, mama moja, watoto hapa, watoto kule."

Sasa lililobaki ndilo nililoliogopa. Nikamwuliza kama maana yake ni kwenda.

 Alitazama chini, kwenye vidole vyake, na hakikuwemo hata kimoja chenye pete. "Nani sema? Hiyo mzaha ya mtu ameibiwa. Mimi, dhahabu yangu ilikwenda. Saa, pete ya mke wangu. Jina yake haikupeleka. Askari alipeleka." Kisha akainua kidole kuelekea Meru, ambako mawingu ya mvua yalikuwa yanapasuka na mwanga wa njano unatokea nyuma yake. "Tazama. Katika Maandiko, mwanga kama ule, baada ya tufani, inaitwa *zahav*. Mafuta safi ya taa, *zahav*. Rangi ya njano ni *tsahov*, karibu sana. Neno hii ya kung'aa. Andika kichwani: kung'aa."

Nikaandika kichwani. Nikauliza kama kuna mtu aliyeitwa hivyo. Akacheka, meno machache, akafumba macho na kuimba kwa lugha yake, akashusha sauti, akaipandisha, kisha akaniambia kwa Kiswahili: wafalme wa Edomu, mmoja mke wake Mehetabeli, binti Matredi, binti Mezahabu. "*Me*, maji. *Zahav*, dhahabu. Mtu! Jina ya mtu! Lakini wasomaji wote hapo nalala usingizi."

Nilimbusu mkono mzee yule. Akanifukuza kwa fimbo, akiwa amefurahi.

Kanisani

Jumapili wazee walikaa benchi la mbele. Mama na mtoto upande mmoja, baba amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje. Mchungaji alikuwa tayari na bakuli la ubatizo.

"Haya, msomi," akasema Mzee Sifaeli.

Nikasema. Neno ni la Waarabu, na lina ndugu yake katika lugha ya Musa, wote mama mmoja. Na mtu yumo. "Wafalme wa Edomu, Mzee. Mke wa yule wa mwisho. Soma ukoo wake mpaka mwisho."

Mzee Sifaeli alivaa miwani. Alisoma wafalme wale kwa kidole, mmoja mmoja, hakuruka hata mmoja, na kanisa zima likawasikia kwa mara ya kwanza tangu lijengwe. Kidole kikasimama. Akasoma polepole, "Binti... Mezahabu."

Bibi akasema kwa sauti, "Zahabu! Si ndivyo ninavyosema siku zote?"

Nikaongeza kwamba kwa Musa *me* ni maji. "Na dhahabu, maana yake?" akauliza Mzee.

"Kung'aa."

"Kung'aa." Akavua miwani. "Mimi nilibeba mizigo ya askari mpaka Tanga, nimekaa na watu wa pwani. Wao husema maana yake ni kwenda. Kuondoka. Hukusikia hilo?"

Nilikuwa na jibu la Bwana Dawidi lote kichwani, na mdomo wangu, ule mnaoujua, ukakauka. Mama alimkumbatia mtoto mpaka akalia. Baba akaingiza mguu wa pili.

Bibi ndiye aliyesimama. Hakumtazama Mzee, alimtazama mtoto.

"Aende basi. Aende kisimani. Aende shule. Aende akaolewe mbali anisumbue kumtembelea. Wale wawili hawakwenda popote, Sifaeli. Hata kutambaa hawakutambaa. Huyu nataka aende."

 Mzee Sifaeli alitazama kitabu chake muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma mstari mmoja. Aliposema tena sauti ilikuwa ya mtu mwingine, ingawa bado alikuwa mzee wa kanisa.

"Lakini humu ameandikwa *Mezahabu*. Sio Dhahabu tupu. Hayo maji yako wapi?"

"Maji ninayo mimi hapa," akasema Mchungaji, akainua bakuli. "Mlete dhahabu."

Kanisa likapasuka. Wanawake walipiga vigelegele ndani, jambo ambalo Mzee Sifaeli amelikataza tangu nikumbuke, na hakulikataza. Akasema ni yeye atakayemshika mtoto. Mchungaji akauliza kwa sauti yake ya madhabahuni, "Mtoto huyu anaitwa nani?" na hata ambao hawakuulizwa wakajibu, "Dhahabu!" Baba alilisema wa mwisho, peke yake, na sauti yake ikakatika katikati.

Maji yalipomgusa, Dhahabu hakulia. Alinyoosha miguu, akatulia kama mtu anayefikiri, kisha akamkojolea Mzee Sifaeli kuanzia kifuani mpaka kwenye viatu vya Jumapili. Kwetu mtoto akikukojolea amekubariki, na huruhusiwi kukunja uso. Mzee hakukunja. Alisimama pale mbele ya kanisa zima akichuruzika, mtoto mikononi, na alikuwa anang'aa.